Baridi Inayokimbiza Watu: Chuku na Sayansi katika Filamu ya The Day After Tomorrow

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisahihisha insha za Kidato cha Nne. Swali lilikuwa la kawaida: jadili athari za mabadiliko ya tabianchi. Mwanafunzi mmoja, tena mwenye Kiswahili kilichonyooka na methali zilizokaa mahali pake, aliandika kwamba wanasayansi wamethibitisha kuwa upande wa kaskazini wa dunia utaganda kwa siku saba, na kwamba helikopta zitaanguka kutoka angani kwa kuwa mafuta yake yatageuka barafu. Nilijua papo hapo alikoyatoa. Jumamosi iliyotangulia bwalo letu lilikuwa limegeuzwa ukumbi wa sinema, na shule nzima ilitazama The Day After Tomorrow. Nilimpa alama zake za lugha na za mtindo, pambizoni nikaandika maneno mawili tu: "Si kweli." Kesho yake alinifuata na karatasi mkononi. "Mwalimu," akaniuliza kwa adabu, "Fumo Liyongo hakufa mpaka alipodungwa sindano ya shaba kitovuni. Mbona hapo hujawahi kutuandikia si kweli?"

Sikuwa na jibu la haraka. Haya ninayoandika ndiyo jibu, ingawa limechelewa. Ninakuandikia wewe mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, kwa sababu swali la kijana yule ni la kihakiki kabisa. Je, kazi ya sanaa ikisema uongo wa kisayansi, huo ni udhaifu wa kisanaa? Na kama ni udhaifu, kwa nini tunamsamehe mtambaji wa ngano na kumshika koo mtengenezaji wa filamu?

Kuna watakaouliza filamu inatafuta nini katika ukumbi wa fasihi. Filamu ni ndugu ya tamthilia. Ina ploti, ina wahusika, ina mandhari, ina taharuki na kinaya, na wanafunzi wetu huitazama mara nyingi kuliko wanavyosoma tamthilia. Tusipowafunza kuihakiki, wataimeza nzima, kisha wataitapika katika insha kama ushahidi.

Filamu yenyewe ilitolewa mwaka 2004, ikaongozwa na Roland Emmerich, Mjerumani aliyejipatia jina Marekani kwa kubomoa miji mikubwa kwenye pazia la sinema. Mhusika mkuu ni Jack Hall, mwanasayansi anayechunguza hali ya hewa ya kale. Tunakutana naye katika barafu ya Larsen B, Antaktika, akichimba vipande vya barafu ya zamani, na mara barafu inapasuka katikati ya kambi yao. Baadaye anauonya mkutano wa kimataifa mjini New Delhi, ambako theluji inaanguka nje ya ukumbi. Anaeleza kwamba kuyeyuka kwa barafu kunaweza kuuzima mkondo wa maji ya uvuguvugu katika bahari ya Atlantiki, na kaskazini ya dunia ikarudi katika enzi ya barafu. Makamu wa Rais wa Marekani anambeza. Kisha mambo yanatukia: mvua ya mawe makubwa mjini Tokyo, vimbunga vinavyokata Los Angeles vipande vipande, ukuta wa maji unaoingia New York, na mwishowe dhoruba tatu kubwa zinazogandisha kila zinachogusa. Sam, mwanawe Jack, amekwama na wenzake katika maktaba kuu ya New York. Baba anafunga safari ya kumfuata. Hiyo ndiyo ploti.

Tuanze na kweli zake, kwa sababu zipo, na mhakiki anayekimbilia makosa kabla ya kukiri mema si mhakiki wa haki. Mkondo anaousema Jack upo. Maji yenye joto na chumvi nyingi hutoka tropiki yakielekea kaskazini, yakatoa joto lake hewani, yakapoa, yakawa mazito, yakazama karibu na Greenland na Norwe, kisha yakarudi kusini kupitia vilindini. Maji matamu yakimwagika kwa wingi juu yake, chumvi hupungua, na maji hayazami ipasavyo. Ukitaka kumwonyesha mwanafunzi kwa nini chumvi ina maana, chukua bilauri mbili za maji, moja uitie chumvi nyingi, kisha tia yai katika kila moja. Yai litazama katika maji matamu na kuelea katika maji ya chumvi, kwa kuwa ya chumvi ni mazito zaidi. Ni kweli pia kwamba jambo la namna hii linadhaniwa kuwa liliwahi kutokea. Yapata miaka 12,900 iliyopita, dunia ilipokuwa ikitoka katika enzi ya barafu, eneo la Atlantiki ya Kaskazini lilirudi katika baridi kali iliyodumu zaidi ya miaka elfu moja, na wanasayansi wengi wanaihusisha na maji ya barafu iliyoyeyuka kumiminika baharini. Larsen B nayo si jina la kubuni. Mwanzoni mwa mwaka 2002, kilomita za mraba zipatazo 3,250 za barafu hiyo zilivunjika kwa muda wa wiki chache tu.

Kwa hiyo msingi wa hadithi umechimbwa katika udongo wa kweli, na tatizo liko katika nyumba iliyojengwa juu yake. Kosa la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni wakati. Angalia jinsi filamu inavyoushughulikia. New Delhi, Jack anasema huenda mabadiliko yakaja baada ya miaka mia moja, au hata elfu moja. Baadaye tarakilishi yake inatoa majibu, na wenzake wanadhani inasema miezi. La, ni wiki sita hadi nane. Kabla hujatulia kitini, zimekuwa siku saba hadi kumi. Kimsuko huu ni ufundi. Kila mandhari inapobadilika, saa imefupishwa, na taharuki inapanda bila mtu kupaza sauti. Ukiwafunza wanafunzi kujenga taharuki, onyesha hapo hapo. Lakini kisayansi ndipo jengo linapoporomoka. Maji ya bahari nzima hayasimami kwa wiki. Hata baridi ile ya kale, ambayo wataalamu huitaja kama mfano wa mabadiliko ya ghafla, neno "ghafla" kwao lina maana ya miongo ya miaka. Msanii alichukua neno la mtaalamu wa miamba na kulisoma kwa kalenda ya mwandishi wa habari.

Na mkondo wenyewe unaendeleaje leo? Kwa bahati, mwaka ule ule wa 2004 wanasayansi waliweka vyombo vya kuupima moja kwa moja kukatiza Atlantiki, karibu na nyuzi 26.5 kaskazini. Kwa wastani hupitisha maji mita za ujazo zipatazo milioni 17 kila sekunde. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilisema mkondo huo una uwezekano mkubwa sana wa kudhoofika katika karne hii, lakini likaona, kwa uhakika wa kiasi tu, kwamba hautaporomoka ghafla kabla ya mwaka 2100. Mwaka 2023 watafiti wawili wa Denmark, Peter na Susanne Ditlevsen, walitoa hesabu iliyoonyesha kuwa huenda ukaporomoka katika karne hii hii, na wenzao wengi wakaipinga njia yao. Mjadala haujafungwa. Ninakueleza haya ili usije ukamwambia mwanafunzi kwamba yote ni upuuzi wa sinema. Ukimwambia hivyo, utakuwa umekosea upande wa pili.

Kosa la pili ni baridi yenyewe. Filamu inadai kwamba hewa baridi ya juu kabisa inavutwa chini kwa kasi hata haipati muda wa kupata joto, na ikigusa ardhi, kila kitu kinaganda papo hapo. Huko Uskoti, helikopta zinazokwenda kuichukua familia ya kifalme zinaanguka kwa baridi inayofikia karibu nyuzi 100 za selsiasi chini ya sifuri. Rubani anafungua mlango, anaganda akiwa ameketi. Kipimo cha chini kabisa kilichowahi kupatikana katika kituo cha ardhini ni nyuzi 89.2 chini ya sifuri, katika kituo cha Vostok, Antaktika, mwezi wa Julai 1983, na watu walikuwako wakakipima. Lakini tuache namba. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole, sukuma mara kadhaa. Pampu itapata moto. Hewa ikigandamizwa hupata joto, na hewa inayoshuka kutoka juu hugandamizwa na uzito wa hewa iliyo juu yake. Inapata takriban nyuzi 10 kwa kila kilomita inayoshuka, wala haisubiri muda wowote, kwa kuwa joto hilo halitoki nje. Linatokana na kule kugandamizwa. Hewa ya nyuzi 60 chini ya sifuri ikishuka kilomita kumi itafika chini ikiwa na joto la mchana wa Mombasa, au zaidi. Dhoruba ya Emmerich, ingefuata kanuni za maumbile, ingewaunguza watu badala ya kuwagandisha. Kinaya cha namna hii hata mwandishi hakukusudia.

Ukuta wa maji wa New York nitaupita upesi. Wastani wa kina cha bahari duniani uliongezeka takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi inaongezeka. Hilo ni jambo zito kwa Lamu na Mombasa, ila haliji kama farasi aliyekata kamba. Hata Larsen B, kwa kuwa ilikuwa tayari inaelea, kuvunjika kwake hakukupandisha bahari. Kilichofuata ni mito ya barafu ya nchi kavu nyuma yake kuongeza mwendo. Hata hivyo, mwezi wa Oktoba 2012 kimbunga Sandy kilipeleka bahari katika mahandaki ya treni ya New York, na wengi waliozikumbuka picha za filamu walishtuka. Maji yalikuja kwa njia nyingine, lakini mahali hapakuwa pamekosewa.

Sasa turudi kwenye tukio ambalo kila mwanafunzi hulikumbuka. Sam na wenzake wametoka maktabani kwenda katika meli iliyosukumwa na maji hadi mtaani, kutafuta penisilini ya kumtibu Laura, ambaye kidonda chake cha mguu kimeingia sumu. (Meli yenye dawa kuegeshwa na mafuriko mbele ya mlango wa maktaba yenye mgonjwa ni sadfa ambayo ningeizungushia kalamu nyekundu katika riwaya yoyote.) Jicho la dhoruba linafika. Vijana wanakimbia. Na baridi inawakimbiza. Unaiona ikitambaa ukutani, ikipasua vioo, ikiteleza sakafuni nyuma ya visigino vyao, wanapita mlango, wanaufunga, baridi inasimama nje kama fisi, inapapasa kizingiti, inakata tamaa kwa sababu ndani kuna moto wa vitabu.

Kisayansi, hakuna kitu hapa cha kutetea. Baridi si kitu kinachosafiri kikitafuta mtu. Mwili ndio unaopoteza joto, na unalipoteza polepole. Kisanaa, hata hivyo, hii ni tashihisi safi. Adui ambaye hana sura amepewa miguu, pumzi na nia. Msanii alikuwa na shida ambayo kila mwandishi wa mabadiliko ya tabianchi anayo: mshindani wa shujaa ni gesi isiyoonekana, isiyo na harufu, inayorundikana kwa miaka mia. Unamwekaje jukwaani mshindani kama huyo? Emmerich alijibu kwa njia ya mtambaji wa ngano: akamfanya zimwi. Zimwi hunusa, hufukuza, husimama mlangoni, na huogopa moto. Ukiwauliza wanafunzi wako watafute zimwi katika tukio hili, wataliona kabla hujamaliza kuuliza.

Hapa ndipo swali la kijana wangu linapouma. Ikiwa ni zimwi, basi ni chuku, na chuku hairekebishwi kwa rula. Hatumwulizi Liyongo siwa aliipuliza kwa mapafu ya ukubwa gani. Hatumwulizi Lwanda Magere kivuli kinachomwa mkuki vipi hata mwenye kivuli akafa. Tukimwachia mtambaji, tumwachie na Emmerich.

Nimelitafakari hilo muda mrefu, na jibu langu ni kwamba tofauti iko katika mapatano. Mighani inapoanza, kuna namna ya kuanza, kuna hadhira inayojua iko wapi, kuna shujaa anayetangazwa kuwa si mtu wa kawaida. Sindano ya shaba haijifanyi utabibu. Siri ya kitovu inaingizwa katika hadithi kama siri, inalindwa, inasalitiwa na mwana, inatimia. Ndani ya ulimwengu ule ni sheria, na sheria hiyo haivunjwi. Filamu hii nayo inaanza wapi? Inaanza na mahali panapojulikana kwa jina katika ramani, mashine ya kuchimbia barafu, chati, vipimo vya maboya baharini, mwanasayansi mzee wa Uskoti anayepokea takwimu usiku. Chuku yake imevaa koti jeupe la maabara. Inataka tuiamini kama tunavyoamini taarifa ya habari, halafu ikibanwa inakimbilia haki ya ngano. Huwezi kudai viapo viwili kwa wakati mmoja. Kosa langu, basi, lilikuwa kuandika "si kweli" pambizoni na kuishia hapo. Nilipaswa kumwonyesha kwamba katika kazi hii kuna chuku iliyojificha, na kwamba yeye, msomaji, hakutambua mbinu.

Ukitaka kuona mapatano yakitimizwa, linganisha na Snowpiercer ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Bong Joon-ho wa Korea Kusini. Humo binadamu wamenyunyiza kemikali angani ili kupoza dunia, wakaipoza kupita kiasi, na waliosalia wanaishi ndani ya treni isiyosimama, matajiri mbele, maskini mkiani. Wazo la kunyunyiza chembe angani lina mizizi ya kweli: mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka mwaka 1991, vumbi na gesi zake zilipunguza wastani wa joto la dunia kwa karibu nusu ya nyuzi kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Lakini treni ile haiwezekani, na filamu haikuombi uamini kwamba inawezekana. Tangu behewa la kwanza unajua uko ndani ya jazanda ya matabaka. Don't Look Up ya mwaka 2021 inafanya vivyo hivyo kwa kimondo: kila mtu anajua kimondo ni tabianchi. Ingawa hata huko ninanung'unika. Kimondo kina tarehe ya kufika. Kingekuwa na tarehe, hata wabunge wetu wangeshughulika.

Waterworld ya mwaka 1995 iko katikati, na inaangukia pabaya. Ndani yake barafu yote imeyeyuka na nchi kavu imekuwa tetesi. Barafu yote iliyo juu ya nchi kavu duniani ikiyeyuka, bahari itapanda karibu mita 70. Mji wa Kale wa Mombasa utazama, na hilo ni la kulia. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na haitarushiwa hata tone la povu. Nawe ukiona mwanafunzi ametaja filamu ya 2012 katika insha ya tabianchi, mrudishe: humo dunia inaharibiwa na chembe kutoka kwenye jua, na hewa ukaa haina hatia yoyote.

Katika usawiri wa wahusika, The Day After Tomorrow ina nguvu ambayo makosa yake ya kisayansi hayaifuti. Makamu wa Rais Becker analalamikia gharama ya Mkataba wa Kyoto. Hiyo ilikuwa kauli ya wakati wake, kwani serikali ya Marekani ilikuwa imeukataa mkataba huo mwaka 2001. Mwishoni, Becker huyo huyo, sasa akiwa Rais wa nchi isiyokuwapo, anahutubia kutoka Meksiko akiwashukuru wenyeji wa mataifa aliyozoea kuyaita maskini. Kabla ya hapo tumewaona Wamarekani wakivuka mto kwenda Meksiko bila vibali, na mpaka ukifunguliwa tu baada ya madeni ya nchi za Amerika ya Kilatini kufutwa. Hiki ni kinaya cha hali kilichokamilika, na kama filamu nzima ingekuwa na ujasiri wa dakika hizo tano, ningeisamehe helikopta zake zote. Jack mwenyewe ni mhusika bapa, nisikufiche. Anatembea kwenye theluji kutoka Philadelphia hadi New York kwa sababu alimwahidi mwanawe, rafiki yake anakufa njiani kwa kujikata kamba, na akifika hana anachoweza kufanya ila kumkumbatia. Mwanasayansi wa kwanza aliyejua yote anageuka kuwa baba tu. Labda hilo lilikusudiwa. Mimi naliona kama msanii aliyechoka na sayansi yake mwenyewe.

Lakini jambo ninalotaka ulitazame zaidi ni mandhari, na pengo lililo ndani yake. Tunaona India, Japani, Uskoti, Meksiko. Afrika haina tukio lake. Sasa, sayansi yenyewe inasema nini kuhusu mkondo ule ukidhoofika? Inasema kwamba ukanda wa mvua wa tropiki huelekea kusogea kusini. Katika baridi ile ya kale, wakati Ulaya ilipoganda, sehemu kubwa za Afrika ya kaskazini na mashariki zilipungukiwa na mvua. Kwa maneno mengine, toleo la kweli la mkasa huu linatufikia sisi, lakini linatufikia kama mawingu yasiyokuja. Halina picha. Hakuna mtu anayetimua mbio. Kuna mzee anayetazama upande wa mashariki kila asubuhi.

Tuliyaona. Kati ya mwaka 2020 na mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua mfululizo ilikosa kunyesha ipasavyo katika Pembe ya Afrika. Kaskazini mwa Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Wanasayansi waliochunguza ukame huo walikadiria mwaka 2023 kwamba ongezeko la joto duniani lilifanya ukame wa kilimo wa namna ile uwezekane kutokea mara 100 zaidi ya ambavyo ungewezekana bila ongezeko hilo. Kisha mvua ikaja kwa hasira, na usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 maji yakazoa nyumba za watu karibu na Mai Mahiu. Hilo la pili lilifika katika televisheni za dunia. La kwanza, lililodumu miaka mitatu, lilipata picha za mizoga ya ng'ombe na kusahauliwa. Katika Mlima Kenya, barafu ya Lewis imepoteza sehemu kubwa mno ya ukubwa wake tangu ilipoanza kupimwa kwa makini mwaka 1934, na haikutoa mlio hata mmoja. Hapa ndipo ufupishaji wa wakati katika filamu unapogeuka kuwa zaidi ya kosa la fizikia. Unamzoeza mtazamaji kutambua mkasa unaokimbia tu. Unaotembea hautambui hata ukiwa umeketi kibarazani kwake.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Anthony Leiserowitz, mtafiti wa Marekani, alichunguza watazamaji wa filamu hii mwaka 2004 na akaona waliokuwa wameitazama walikuwa na wasiwasi zaidi kuhusu mabadiliko ya tabianchi kuliko ambao hawakuitazama. Chuku ilifanya kazi ambayo ripoti nyingi hazikufanya. Swali ni wasiwasi wa kitu gani. Kijana wangu naye alikuwa na wasiwasi, wa helikopta za Uskoti, ilhali mtoni kwao wanawake walikuwa wakichimba mchanga kutafuta maji.

Kuna njia nyingine, na imetoka kwetu. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu, Mkenya, alitengeneza filamu fupi ya Pumzi, ya dakika zipatazo 20. Humo vita vya maji vimekwisha, na watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wakizalisha umeme kwa miili yao, wakisafisha hata jasho na mkojo ili wanywe tena. Asha anapokea udongo ambao una uhai, anapanda mbegu, inachipua, anatoroka nayo kwenda jangwani, anainyweshea maji yake ya mwisho na kuifunika kwa kivuli cha mwili wake. Mtaalamu wa kilimo atakwambia mti haukui hivyo. Sawa. Lakini angalia kile ambacho kamera inakikazia macho: tone. Tone linapimwa, linahesabiwa, linagawanywa, kwa dakika nyingi za ukimya, kwani mazungumzo ya mdomo ni haba mno. Kahiu hakulifanya tatizo likimbie. Alimlazimisha mtazamaji apunguze mwendo mpaka aone thamani ya bilauri moja. Na jazanda inapowadia mwishoni, mwili unapokuwa mti, mapatano yamekwishafanywa zamani.

Kijana yule sasa ni mtu mzima. Nilipokuwa nikijiandaa kuandika makala haya niliitazama tena filamu ya Emmerich na darasa jingine, nikawapa kazi moja tu: andikeni tena tukio la baridi inayokimbiza watu, mandhari yawe Turkana au Marsabit, mkimbizaji awe ukame. Saa nzima ilipita. Wengi waliandika jua lenye meno na upepo wenye ulimi wa moto, mazimwi mazuri tu. Msichana mmoja wa nyuma aliandika nusu ukurasa kuhusu mtungi. Kila siku katika hadithi yake mama anautia mkono ndani ya mtungi kuteka maji, na kila siku mkono unaingia zaidi: kifundo, kigasha, kiwiko. Hakuna anayekimbia. Hadithi inaishia bega linapogusa mdomo wa mtungi. Nilikaa na karatasi ile hadi kengele ya chakula, na pambizoni sikuandika neno.